Hodi ya Milisekunde Kumi

Brandon, Manitoba. Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na Orest Halyshyn anaingia karakana na bodi ndani ya koti,
kwapani, kama aliyebeba kifaranga.
"Imesahau tena. Kwa Lavallee, ghala la saba."

Ghala la saba ni la kanola: tani mia mbili
zinazopumua gizani, zinazoweza kushikwa na homa zisiseme.
Kazi ya bodi hii, isiyozidi kiganja,
ni kuzipima joto kila saa na kuandika.
Iliandika tangu Septemba. Leo asubuhi ikaamka
ikasema: sijui kitu, leo ndiyo siku ya kwanza.

Mezani petu, penye joto, inaamka vizuri.
Mara mia nazima, mara mia nawasha,
inakumbuka hadi ukungu wa Oktoba.
Ndipo Orest akaifungia ndani ya friza, na betri yake,
baina ya mbaazi na maandazi ya viazi ya mkwewe,
nyaya zikachungulia mlangoni kama masharubu ya kambare.

Mstari wa njano ni umeme unaopanda.
Betri ikiganda, umeme haurukii juu:
unapanda kama mbeba zege, ghorofa ya nne.
Ukifika volti moja na nukta nane
kidhibiti kinafumbua macho, nipo!
na papo hapo kinamwendea jirani, chipu ya kumbukumbu.
Jirani haamki hadi mbili na nukta saba.
Yuko katikati. Hajalala, hajazinduka.

Na kidhibiti hakikupiga hodi. Kiliingia.
Una nini? kiliuliza,
na waya mtupu ukajibu kwa niaba ya aliyelala:
FF FF FF FF
moja moja moja moja, ndiyo ndiyo ndiyo,
jibu la nyumba isiyo na mtu.
Kikaamini. Milisekunde chache baadaye,
jirani sasa yu macho, na kumbukumbu zake zote,
kikampa amri ya kufuta.
Akafuta.

Nilinyamaza. Orest akadhani nahesabu.
Nilikuwa Korogwe. Mwaka juzi nilimpigia mama
saa mbili yangu ya usiku, saa kumi na moja yake ya alfajiri,
simu haijamkaa sikioni nikamwaga yote:
nimepata makaratasi, nimehama nyumba, Aprili siji.
Eeh, alisema. Eeh. Eeh. Eeh.
Nikakata, moyo mweupe.
Aprili dada akanitumia picha:
kitanda changu kimetandikwa, chandarua kipya.

Kijitabu cha chipu, ukurasa wa thelathini na nne,
mchoro mdogo: umeme, kisha nafasi, kisha neno.
Milisekunde tano kabla ya kuandika chochote.
Subira yavuta heri, tulifundishwa,
ila hakuna aliyetuambia ngapi.
Hawa wameandika ngapi. Niliwaonea wivu.

Nikaandika: ngoja volti itimie. Kisha hesabu kumi.
"Karatasi inasema tano," akasema Orest.
Tano ni za chumba chenye hita.
Kisha hodi: taja jina lako.
Jibu likiwa FF, rudi barazani ukae.
Hodi ya pili. Hodi ya tatu.
Na usifute kitu cha mtu kwa kuwa hajaitika.

Friza ikanguruma. Tukawasha.
Mstari ukapanda na zege lake, ukafika, ukanyooka.
Kimya, upana wa ukucha kwenye kioo,
halafu meno ya buluu: jina, tarehe, joto.
Orest alikuwa akitafuna andazi lililoganda nusu.

Septemba ya Lavallee haikurudi.

Jumapili nilipiga. Mlio, mkwaruzo wa shuka, kikohozi.
Sikusema kitu.
"Nani?"
Mimi, mama.
"Ngoja ninawe uso."
Nikangoja.